Zamu ya Mjomba

Wanangu, feri ya Likoni mnaijua asubuhi: watu wamebanana, magari yanapiga honi, bodaboda zinanguruma, wachuuzi nao wananadi njugu. Wengi wetu hizo kelele hata hatuzisikii tena. Lakini katika hadithi yangu yumo mvulana wa miaka saba mwenye usonji, na kwake zote huingia kwa mpigo mmoja, hakuna anayoweza kuipuuza. Siku hiyo honi ya lori ikalia karibu naye. Akaziba masikio, akajitupa sakafuni, akapiga mayowe.

Mayowe mama yake ameyazoea. Kilichomchoma ni maneno. Mmoja akasema mtoto kadekezwa. Mwingine akasema ana shetani, apelekwe kwa mganga. (Usonji si shetani, wala haumpati mtoto kwa sababu mama hakumlea vizuri.) Mama alikuwa akimpeleka kliniki Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ng'ambo kisiwani. Baada ya siku hiyo akaanza kuogopa feri, kisha akaogopa hata kwenda harusini. Usiku halali.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto kama huyu, wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yamejaribiwa katika nchi zaidi ya 30, Kenya ikiwamo. Mtu angedhani yote ni ya mtoto tu. La! Imo sehemu ya mlezi mwenyewe, ya kumfundisha kutuliza moyo na kujitunza. Mimi naiona hiyo ndiyo kubwa, maana mama aliyechoka hata umpe mbinu mia atazitumia saa ngapi?

Basi, ili mama naye apumzike, familia ikakaa barazani, ikagawana kazi. Dada mtu, yuko gredi ya nne, alichora picha tatu kwenye kadibodi: tuktuk, feri, daktari. Kila wakitoka humwonyesha kaka yake, “Kwanza tuktuk, halafu feri, halafu daktari.” Maneno machache, hayohayo kila safari. Mayowe hayakwisha, lakini yalipungua. Shangazi alichukua zamu ya kukaa na mtoto Jumatano jioni, mama akarudi kwenye chama chake.

Jumamosi ni zamu ya mjomba. Mjomba hana subira hata kidogo, na kadibodi yake ameichora mwenyewe: kwanza viazi karai, halafu viazi karai, halafu nyumbani.