Kuzama, Kuibuka na Kuelea kwa Maiti

Mto Ngerengere, utokao milima ya Uluguru na kupita Mazimbu, huingia mto Ruvu, nao Ruvu humwagikia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kichukuliwacho na mto chaweza basi kuonekana pwani, mbali na kilikotoka.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vilinganavyo na hatua za jambo hili. Mtu afaye maji aghalabu huzama, kwani maji hushika nafasi ya hewa mapafuni. Kisha vijidudu vya matumboni hutoa gesi iuvimbishayo mwili, nao huibuka: katika maji ya joto baada ya siku chache, katika maji baridi yenye kina kirefu huenda usiibuke kamwe. Mwisho huelea, ukisukumwa na mkondo na upepo.

Mwaka 1994 maiti za watu waliouawa Rwanda zilichukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, na nyingi zikazikwa Uganda, kama vile Kasensero. Ufuko basi si ushahidi wa mahali pa kifo. Tena, mzoga ni wa mnyama. Binadamu aliyetupwa na maji, hata akiharibika, hubaki maiti, mwenye haki ya jina na kaburi.