Mkono Uumao na Mashine Isikiayo: Juu ya Kuandika Kiswahili kwa Sauti

Kazi ya kuandika hudhaniwa kuwa kazi nyepesi, kwa kuwa aifanyaye hukaa kivulini wala habebi mzigo kichwani. Hata hivyo, mwaka 1713 tabibu wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alikwisha kueleza maradhi ya makarani, akayataja mambo matatu yanayoyaleta: kukaa daima, kuuendesha mkono kwa namna ile ile bila kituo, na kuikaza akili ili hesabu isikosewe. Mashine za kupigia chapa na kompyuta ziliiondoa kalamu, lakini hazikuuondoa mwendo huo. Ziliugawa tu kwa vidole vyote. Huko Japani maumivu ya shingo na mikono yalienea miongoni mwa watoboaji wa kadi za mashine za hesabu, hata mwaka 1964 Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ikatoa mwongozo kwamba kazi hiyo isizidi saa 5 kwa siku, na kwamba pawe na pumziko katika kila saa.

Maumivu yadumuyo zaidi ya miezi 3 huitwa sugu. Asili zake ni nyingi, na mojawapo ni hii: kano zinazovuta vidole hupita pamoja na mshipa wa fahamu katika njia nyembamba iliyomo katika kifundo cha mkono, njia hiyo ikivimba, mshipa hubanwa, na vidole hufa ganzi. Aliyefikwa na hali hii, naye riziki yake ni maandishi, hupaswa kuupunguzia mkono kazi au kuiacha kazi yenyewe. Hapo ndipo inapohitajiwa programu ya kutambua usemi, yaani ile inayosikia maneno na kuyaandika.

Kuandikisha kwa kinywa si jambo geni kwa Waswahili. Watu wengi waliandikiwa barua na makarani walioketi barazani na meza zao ndogo. Tofauti ni kuwa karani alikijua Kiswahili tangu utotoni, na mashine sharti ifundishwe. Hufundishwa kwa kusikilizishwa saa nyingi za usemi uliokwisha kuandikwa, mpaka iweze kukisia ni herufi zipi zinazolingana na sauti fulani, na ni neno lipi lielekealo kufuata jingine.

Yafaa kukitazama Kijapani kwanza, maana ugumu wake huonyesha ugumu wa Kiswahili kwa kinyume chake. Kijapani huandikwa kwa kuchanganya alama za silabi na alama za maana zilizotoka Uchina. Alama za maana zilizo katika orodha rasmi ya mwaka 2010 ni 2,136. Mwaka 1978 kampuni ya Toshiba ilionyesha mashine iliyoitwa JW-10, iliyogeuza silabi kuwa alama hizo. Na tangu hapo mwandishi hupiga sauti za neno, kisha huchagua alama katika orodha anayoonyeshwa. Kwa mfano, neno *hashi* laweza kuwa daraja, au vijiti vya kulia chakula, au ukingo, na kila maana ina alama yake. Basi mkono wa Mjapani hufanya kazi mara mbili, kupiga na kuchagua. Na programu ya kusikia ikiweza kuchagua kwa kufuata maana ya sentensi, humwondolea zote mbili. Haishangazi kwamba wataalamu wa huko wameishughulikia kazi hii kwa muda mrefu. Programu ya Julius, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto katika miaka ya 1990, hutolewa bure kwa yeyote.

Kwa upande huo Kiswahili ni chepesi. *Kaa* wa pwani, *kaa* la moto na kitendo cha *kukaa* huandikwa sawasawa. Hata *barabara* ya kupitia magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa, ambazo hutofautiana kwa mkazo, hazitofautiani kwa herufi. Mashine haina haja ya kuchagua. Lakini ugumu ulioondoka mlangoni umerudi kwa dirishani, nao ni wa namna tatu.

Ugumu wa kwanza ni mgawanyo wa maneno. Msemaji akisema *ninataka*, sikio halisikii tofauti kubwa na *nina taka*. Naye *anakaa* ni jirani wa *ana kaa*, na *nakula* ni jirani wa *na kula*. Ugumu wa pili ni wa viambishi. *Hatutawapelekea* na *hatukuwapelekea* hupishana kwa silabi moja tu, lakini moja ni ahadi ya wakati ujao na nyingine ni taarifa ya wakati uliopita. Zaidi ya hayo, *atalipa* na *hatalipa* hupishana kwa *h* peke yake, na wako wasemaji wengi wanaoidhoofisha *h*, na wengine wanaoiongeza pasipo mahali pake. Barua ya deni iliyoandikwa kwa sauti yaweza kumgeuza mkopaji mwaminifu kuwa mkaidi.

Ugumu wa tatu ni wa majina ya mahali, na hapa mfano mzuri ni Janga, kata ya Wilaya ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani. Mtu akiiambia mashine kwamba wageni wametoka Janga, mashine isiyoijua kata hiyo huandika kwamba wametoka janga, kana kwamba wameokoka msiba. Katika wilaya hiyo hiyo iko Soga, na aliyekwenda Soga huandikwa kuwa amekwenda kupiga soga. Karani wa Kibaha au wa Kisarawe hangekosea hivyo, kwa kuwa anaijua nchi. Kadhalika wenyeji wa sehemu hizi, wengi wao wakiwa Wazaramo na Wakwere, wana matamshi yao. Hata jina la Wazaramo lenyewe husikika pia kama Wazalamo. Mashine iliyozoea *r* na *l* za watangazaji wa redio peke yao huwatuhumu watu hawa makosa, ilhali kosa ni lake.

Sababu ya udhaifu huu haimo katika lugha. Programu ya Whisper, iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya OpenAI ya Marekani, ilifundishwa kwa zaidi ya saa 7,000 za Kijapani kilichoandikwa, na kwa Kiswahili saa hizo hazikufika 10. Hata hivyo njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2017 kampuni ya Google iliingiza Kiswahili katika uandishi wake wa sauti. Na mwaka 2021 shirika la Mozilla lilianza kazi maalumu ya Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti na wengine huzisikiliza na kuzithibitisha.

Limebaki suala la kipimo. Desturi ni kuhesabu maneno yaliyokosewa katika kila mia. Kipimo hicho humfaa mtengenezaji, bali mgonjwa hupima kwa mkono wake. Chukuliwe ukurasa wa maneno 300, kila neno likiwa na herufi 6 na nafasi moja: kuupiga wote ni migongo 2,100 ya vidole. Mashine ikikosea neno moja katika kila kumi, na kila sahihisho likigharimu migongo 12, mkono utafanya kazi mara 360, nayo ni nafuu kubwa. Ikikosea neno moja katika kila matatu, itakuwa mara 1,200, yaani zaidi ya nusu ya mzigo wa awali. Tena kusahihisha kuna kushika kipanya na kulenga, ambako huwauma wengi kuliko kupiga herufi. Kwa hiyo programu ya Kiswahili haitoshi iwe inasikia tu. Sharti iweze pia kusahihishwa kwa sauti, ikaelewa amri kama *futa neno* na *aya mpya*. Wala kinywa nacho kisilemezwe, maana koo likitumiwa mchana kutwa huchoka kama mkono.

Kazi iliyo mbele ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya mafundi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia kwa ajili ya jicho na kalamu. Sasa yatakiwa kanuni za mgawanyo wa maneno zifuatwe kwa namna moja katika maandishi yote yanayofundishia mashine, maana mashine iliyosoma *kwa hiyo* leo na *kwahiyo* kesho haiwezi kuwa na msimamo. Yatakiwa pia orodha za majina ya kata na vijiji, na sauti za wazee na vijana wa Janga, Soga na Maneromango ziwekwe pamoja na zile za mijini. Mwalimu wa Janga ambaye mkono wake umekataa kuandika haombi mashine ya ajabu. Aombalo ni kusikiwa kwa matamshi yake mwenyewe, ili kazi yake iendelee.