Je, Wajua? Historia ya Ulaya Ipo Hapa Songwe

Je, wajua kwamba kimondo na mahindi viliingia katika historia ya Ulaya ndani ya wiki moja? Mwanzoni mwa Novemba 1492 mabaharia wa Christopher Columbus walikuwa Cuba, na wenyeji wakawaonyesha nafaka ambayo Ulaya ilikuwa haijaijua. Novemba 7 mwaka huohuo, jiwe la zaidi ya kilo 120 lilidondoka kutoka angani likatua shambani karibu na mji wa Ensisheim, ambao leo uko Ufaransa. Maximilian, aliyekuja kuwa Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, alipita hapo akaagiza litunzwe kanisani. Leo anayetembea Mbozi, mkoani Songwe, anakuta vyote viwili. Mahindi yametanda kila upande, na kimondo kimekaa kwenye mteremko wa kilima cha Marengi.

Je, wajua kwamba kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi? Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikitolea taarifa, na tangu hapo vitabu vingi vimemwita mgunduzi. Mimi siwezi kumwita hivyo. Wenyeji walikuwa wakikijua kabla yake; yeye alikipeleka kwenye vitabu vya wataalamu. Sehemu yake ilikuwa imezama ardhini, na mtaro ulipochimbwa kukizunguka ndipo umbo lake lote likaonekana.

Je, wajua kwamba kuna wakati wasomi wakubwa wa Ulaya waliwaona wakulima waliosema mawe huanguka kutoka angani kuwa wamekosea? Mwaka 1772 wanasayansi wa Paris, Antoine Lavoisier akiwa mmoja wao, walitoa ripoti kuhusu jiwe lililoanguka Lucé na kuhitimisha kwamba ni jiwe la kawaida lililopigwa na radi. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni aliandika kitabu akieleza kwamba mawe na vyuma vya namna hiyo vinatoka nje ya dunia. Wengi hawakumwamini. Aprili 26, 1803 mawe yapatayo 3,000 yalimwagika juu ya mji wa L'Aigle, Ufaransa, mchana kweupe. Serikali ikamtuma Jean-Baptiste Biot kuchunguza, naye akafanya jambo ambalo watangulizi wake walilidharau: alikwenda kijiji hadi kijiji akiwauliza watu walichokiona. Ripoti yake ndiyo iliyomaliza ubishi.

Je, wajua kwamba misheni ya Mbozi ina mzizi katika moto uliowashwa Julai 6, 1415? Siku hiyo Jan Hus, padri na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Prague, alichomwa akiwa hai mjini Konstanz kwa mahubiri yake dhidi ya maovu ya kanisa. Hiyo ni miaka 102 kabla ya Martin Luther kutoa hoja zake 95. Mwaka 1457 baadhi ya wafuasi wa mafundisho ya Hus walianzisha umoja wao katika kijiji cha Kunvald, Bohemia, na umoja huo ndio Kanisa la Moravian. Walishindwa vita, walifukuzwa makwao, wakatawanyika. Mwaka 1722 wakimbizi wachache walipokelewa katika ardhi ya mtukufu Nikolaus von Zinzendorf huko Saxony, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Kutoka Herrnhut, mwaka 1732, wamisionari wa kwanza wakaenda visiwa vya Karibi kwa watumwa. Mwaka 1891 wengine wakafika Rungwe, na kabla karne haijafungika vizuri Traugott Bachmann alikuwa ameshaanza kazi Mbozi miongoni mwa Wanyiha. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Kanisa lililokaribia kufutika Bohemia limepata watu wake wengi hapa kwetu.

Je, wajua kwamba askofu wa hao Wamoravian wa kale ndiye aliyetengeneza kitabu maarufu cha watoto chenye picha? Jan Amos Comenius alitoa kitabu chake mwaka 1658 akiwa uhamishoni. Alishikilia kwamba kila mtoto asome, wa kike na wa kiume, tajiri na maskini. Katika Ulaya ya wakati ule hilo lilikuwa wazo la kushtua.

Je, wajua kwamba mpaka unaotenganisha Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia uliandikwa katika mkataba uleule uliokabidhi kisiwa kilicho Bahari ya Kaskazini? Mwaka 1807, katika vita dhidi ya Napoleon, Waingereza waliwapokonya Wadenmark kisiwa cha Heligoland. Eneo lake halifiki kilomita 2 za mraba. Wajerumani walikitamani kwa sababu kipo mbele ya milango ya mito yao. Julai 1, 1890, miezi mitatu tu tangu Bismarck aachie ukansela wa Ujerumani, serikali ya mrithi wake Caprivi ilitia saini mkataba na Uingereza ya Lord Salisbury. Ujerumani ikapata Heligoland na kuondoa madai yake juu ya Zanzibar na Witu. Ndani ya mkataba huohuo ikaandikwa njia ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: ukianzia mdomo wa Mto Songwe, upande na mto, uache mto mahali unapokaribia ukingo wa bonde la Kongo, ufuate ukingo huo, kisha ushuke na Mto Kalambo hadi Tanganyika. Wanyamwanga hawatajwi. Wanyiha hawatajwi, wala Walambya. Watu waliokuwa wakioana, wakilimiana na kuzikana waligawanywa na maelezo ya mito na digrii, na mpaka leo ukoo mmoja unaweza kuwa na shamba Tunduma na msiba Nakonde.

Je, wajua kwamba digrii hizo zenyewe zilikuwa bado changa? Mkataba unataja digrii ya 32 na ya 33 mashariki, na Tunduma ipo katikati yake. Lakini mashariki ya wapi? Ya Greenwich, London, mahali palipokubaliwa kuwa mwanzo wa kuhesabia katika mkutano wa Washington wa Oktoba 1884. Ufaransa haikuunga mkono. Mwezi uliofuata mataifa yalikutana Berlin kuzungumzia Afrika.

Je, wajua kwamba tone la mvua likidondoka pembezoni mwa Tunduma lina safari zaidi ya moja mbele yake? Likielekea kusini, linaingia mito ya Chambeshi, kisha Kongo, na mwisho Bahari ya Atlantiki. Likielekea kaskazini, linashuka na Mto Momba hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Mashariki kidogo, huko Ileje, Mto Songwe unalipeleka Ziwa Nyasa, na kutoka huko Shire na Zambezi zinalifikisha Bahari ya Hindi. Wachora mpaka waliona mwinuko huo unaogawa maji ni alama nzuri kwa sababu hauhamishiki. Songwe wenyewe, kinyume chake, huhama mkondo katika tambarare za chini, ukimhamisha mkulima kutoka nchi moja hadi nyingine bila yeye kunyanyua jembe.

Je, wajua kwamba ule mgogoro wa Tanzania na Malawi juu ya Ziwa Nyasa unatoka katika mkataba huohuo wa 1890? Maneno yake yanaupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa, hayaupitishi katikati.

Je, wajua kwamba bikoni za kwanza za mpaka huu zilipimwa na Waingereza na Wajerumani pamoja? Tume yao ilipita mwaka 1898, Waingereza wakiongozwa na Charles Close, ambaye baadaye aliongoza idara ya ramani ya Uingereza. Makubaliano ya mwisho yalisainiwa Berlin Februari 1901. Kwa hiyo kwa miaka minane mpaka ulikuwa karatasini tu.

Je, wajua kwamba kabla ya mpaka ilikuwepo barabara? James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha mwaka 1881 ili ichongwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Tanganyika. Lengo lilikuwa kupeleka bidhaa na kuiua biashara ya watumwa. Njia haikukamilika kama alivyotaka, ila jina la Barabara ya Stevenson liliingia hadi katika mazungumzo ya kidiplomasia ya 1890, na mkataba ukaahidi kwamba bidhaa zitapita kati ya maziwa hayo mawili bila kizuizi wala ushuru. Dereva aliyelala siku kadhaa kwenye foleni ya malori Tunduma angependa kuisoma ahadi hiyo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, miaka 129 baadaye.

Je, wajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilimalizika huku kwetu baada ya kumalizika Ulaya? Mwishoni mwa Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi lake walipita Mbozi wakivuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwanzoni mwa Novemba walilishambulia boma la Waingereza la Fife, jirani na mpaka, wakashindwa kuliteka, wakaendelea hadi Kasama. Bunduki za Ulaya zilinyamaza Novemba 11 saa tano asubuhi. Kwenye Mto Chambeshi upo mnara unaotaja Novemba 14 kuwa siku vita viliposimama huku. Na kusalimisha silaha kulifanyika Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Novemba 25: Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168.

Hesabu hiyo imeandikwa kila mahali. Ya wapagazi inaandikwa kwa kukadiria. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa kwa njaa, kuhara damu na uchovu ni makumi ya maelfu. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Walibeba risasi za vita vilivyoanza kwa mauaji ya Sarajevo, mji ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza uko wapi.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Lupa ilipata nguvu kutokana na anguko la uchumi Ulaya? Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni kwenye dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Wachimbaji wakamiminika Lupa, na kazi ikaenea hadi Saza, ambayo leo imo katika Wilaya ya Songwe.

Je, wajua kwamba Wapolandi walioondolewa makwao na Stalin mwaka 1940 walifikia pande zote mbili za mkoa huu? Kambi moja ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe, nyingine Abercorn.

Je, wajua kwamba Novemba 11 ilirudi tena? Mwaka 1965 Ian Smith alichagua tarehe hiyo, siku ambayo Waingereza huwakumbuka waliokufa vitani, kutangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Njia ya mafuta ya Zambia, iliyopitia Rhodesia, ikafungwa, na malori yakaanza kuyabeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 Waitaliano walikamilisha bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 hadi Ndola, na mwaka 1970 Wachina wakaanza reli ya TAZARA ya kilomita 1,860. Bomba hilo bado linafanya kazi. Tangu 2023 linapitisha dizeli.