Miguu Kwanza, Macho Mwisho

Mwanafunzi wa udereva akikaa kwenye usukani kwa mara ya kwanza, mawazo yake yote huwa miguuni. Anaogopa gari lisije likazimika, akaonekana mbele za watu. Woga huo unaeleweka, lakini gari likizimika kando ya barabara haliumizi mtu. Linaloumiza ni lile lililoondoka vizuri kabisa, bila hata kutikisika, likaingia mbele ya bodaboda ambayo dereva hakuiona. Basi tuanze na miguu ili tumalizane nayo mapema, macho yapate nafasi ya kufanya kazi yao.

Injini inayounguruma gari likiwa limesimama huzunguka kama mara 800 kwa dakika, na ikishuka sana chini ya hapo inazima. Magurudumu nayo yametulia tuli. Ili viwili hivi vikutane, lazima katikati pawepo kitu kinachokubali kuteleza kwa muda, nacho ni sahani ya klachi. Ukikanyaga pedali mpaka chini, sahani inaachana na injini. Ukiiachia taratibu, sahani inabanwa kidogo kidogo, inateleza huku inavuta, mpaka injini na magurudumu vinakwenda pamoja. Ukiiachia kwa pupa, injini inalazimishwa kufuata magurudumu yaliyosimama, inazima.

Kwa hiyo kazi ya mguu wa kushoto ni kupatafuta mahali klachi inapokamata. Gari lenyewe litakuambia: mlio wa injini unashuka na kuwa mzito, boneti inainuka kidogo, mtetemo unaufikia usukani. Hapo hapo usimamishe mguu. Mguu wa kulia uongeze mafuta kiasi, breki ya mkono ibaki imevutwa. Sasa gari limejiandaa na haliendi popote, hata panapopanda kama Kimara, Dar es Salaam. Sekunde chache za hali hiyo haziiumizi klachi. Inayoumia ni ile ya dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi foleni nzima badala ya kuvuta breki, mpaka harufu ya kuungua inaingia ndani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wanaoanza na vioo. Mwanafunzi anaangalia kioo, anageuka, anaona kweupe, kisha anainamia klachi na gia. Piga hesabu: bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Mwanafunzi akitumia sekunde tatu kuitafuta klachi, pikipiki iliyokuwa mita 33 nyuma, imejificha kwenye kivuli cha daladala, sasa iko mlangoni kwake. Aliangalia, tena kwa makini, ila alichokiona kimeshapitwa na wakati. Mazungumzo haya mwalimu yeyote wa jijini atayatambua:

"Mama, umeangalia nyuma?"

"Nimeangalia, mwalimu."

"Saa ngapi?"

Tuseme umeegesha upande wa kushoto kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo. Kabla hujaingia, lizunguke gari. Mtoto anaweza kuwa amechuchumaa nyuma ya bampa, au machinga ameegemeza mzigo wake ubavuni. Ingia, funga mkanda, washa, weka gia namba moja, tafuta klachi inapokamata. Baada ya hapo ndipo macho yaanze safari: kioo cha ndani, kioo cha kulia, indiketa. Iache indiketa iwake kidogo wenzako waione. Inawaomba nafasi tu, haikupi haki ya kutoka. Kisha geuza shingo mpaka kidevu kiwe juu ya bega la kulia, kwa sababu kati ya kinachoonekana kiooni na kinachoonekana dirishani pamebaki uwazi unaoweza kumeza pikipiki nzima na abiria wake. Rudisha macho mbele haraka, maana ulipogeuka huenda mtu ameshaingia barabarani akiburuta mkokoteni. Kama pako wazi, shusha breki ya mkono na uondoke. Kati ya bega na breki isipite hata sekunde moja ya kushughulikia kitu kingine.

Gari la otomatiki, ambalo ndilo wengi jijini wanaendesha, limekupunguzia klachi lakini limekuletea jambo lake. Ukiweka D tu, linaanza kujikokota lenyewe. Kwa hiyo mguu wa kulia uwe juu ya breki kabla mkono haujagusa gia, na uwe huo huo mmoja kwa pedali zote mbili. Anayetumia miguu miwili, siku akishtuka, atazikanyaga zote pamoja.

Kwenye foleni, ondoka yako inategemea ulivyosimama. Simama mahali ambapo bado unayaona matairi ya gari la mbele yanapogusa lami. Likirudi nyuma, una nafasi. Likiharibika, unaweza kulikwepa bila kurudi kinyumenyume. Foleni ikianza kusogea, usiondoke pamoja na gari la mbele. Liache litangulie kidogo, kwa kuwa katika nafasi hiyo hiyo ndimo wanamopenya wauza maji na karanga wanaofukuzia chenji yao, na mtoto aliyeinama karibu na boneti huwezi kumwona ukiwa kwenye kiti. Angalia na kushoto pia, bodaboda hupita popote panapopitika. Kama mbele yako kuna daladala kituoni, sikiliza bati: konda akigonga, hilo litatoka, liwe limewasha indiketa au halijawasha.

Penye taa, kijani hakijamsimamisha mtu bado. Angalia kulia kwanza, kwani kwetu magari ya kulia ndiyo yanayokufikia mapema, kisha kushoto. Akiwepo trafiki, mkono wake uko juu ya taa. Na kwenye Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mwendokasi yanapita katikati tangu 2016, anayekata kulia ana jambo la ziada: basi linaweza kutokea nyuma yake, upande wa kulia, mahali ambapo barabara nyingine hazina gari. Bega linahitajika hapo kuliko popote.

Umejiandaa, umegeuka, ukaiona bodaboda. Kanyaga klachi mpaka chini, acha breki ya mkono ilivyo, subiri. Wa nyuma yako atapiga honi, pengine atakuzunguka kwa hasira. Mwache apite, kisha anza upya tangu kioo cha ndani, kwa sababu gari linalopita namna hiyo mara nyingi lina pikipiki imeliganda nyuma.