Matabaka ya udongo: Siri ya mavuno iliyo chini ya jembe

MASIKA inapofika katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mashamba mawili yaliyopakana, yaliyopandwa mbegu moja na kutiwa mbolea moja, huweza kutoa mavuno yasiyolingana hata kidogo. Katika shamba la kwanza mahindi hunawiri. Katika la pili hudumaa, majani ya chini yakageuka manjano na shina likabaki jembamba. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mbegu, kwa mwenye duka la pembejeo au kwa hali ya anga. Ni nadra mtu kuchukua jembe na kuchimba ili aone maji ya mvua yalielekea wapi.

Udongo si kitu kimoja kilichoanza juu kikaishia kwenye mwamba. Ni matabaka yaliyopangana, kila moja likiwa na rangi yake, ugumu wake na kazi yake. Maji hupita upesi katika tabaka moja na kukawia katika jingine. Pale yanapokawia ndipo hatima ya mmea huamuliwa.

Wataalamu wa udongo huugawa uwezo wa ardhi wa kupitisha maji katika ngazi saba. Katika ncha moja kuna udongo wa kichanga unaoyaachilia maji kabla mizizi haijayapata. Katika ncha ya pili kuna kinamasi. Kati ya ncha hizo kuna udongo unaopitisha maji kwa wastani. Huu huwa mkavu na mzuri kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua inapozidi, tabaka zake za chini hujaa maji kwa muda mfupi. Ni udongo unaofaa kwa kilimo, ila una masharti. Asiyeyajua masharti hayo huingia hasara bila kujua chanzo chake.

Mnyororo wa mteremko

Elimu ya namna udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni ina asili yake hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara nchini Tanganyika, aligundua kuwa udongo haubadiliki ovyo ovyo. Katika mteremko mmoja, aina zilezile hufuatana kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo hutumiwa na wanasayansi kote ulimwenguni hadi leo.

Mkulima wa Kenya huuona mnyororo huo kila siku. Kileleni na kwenye mabega ya kilima kuna udongo mwekundu, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Kadiri mtu anavyoteremka, wekundu hufifia ukawa kahawia, kisha kahawia yenye umanjano. Bondeni kuna udongo mweusi au wa kijivu unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo unaopitisha maji kwa wastani mara nyingi hupatikana katikati ya mnyororo huo, pale mteremko unapoanza kulala.

Kinachopatikana shimoni

Shimo la kina cha mita moja likichimbwa mahali kama hapo, ukuta wake huonyesha matabaka waziwazi.

La kwanza, ambalo wataalamu hulitambua kwa herufi A, ndilo udongo wa juu. Kwa kawaida lina unene wa sentimita 15 hadi 30. Rangi yake ni nyeusi kiasi kwa sababu ya mboji, yaani mabaki ya mimea na wadudu yaliyooza. Hushikamana katika chembechembe laini, na limejaa mizizi na vijishimo vya nyungunyungu. Humo ndimo mna sehemu kubwa ya chakula cha mmea.

Chini yake kuna tabaka la B, ambalo ni gumu zaidi. Kwa miaka mingi mvua imekuwa ikiteremsha chembe ndogo za mfinyanzi kutoka juu na kuzikusanya humo. Chembe ya mchanga huweza kufikia upana wa milimita mbili, ilhali ya mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002. Chembe hizo ndogo zinapojazana, njia za maji huwa nyembamba na mwendo wa maji hupungua.

Sehemu ya juu ya tabaka hili huwa ya kahawia au nyekundu isiyo na doa. Lakini kuanzia sentimita 50 hadi 100 kwenda chini, madoa huanza kujitokeza: mengine ya rangi ya machungwa au kutu, mengine ya kijivu. Madoa hayo ndiyo alama kuu ya udongo unaopitisha maji kwa wastani. Yakionekana karibu kabisa na uso wa ardhi, udongo huo ni wa ngazi ya chini zaidi. Yasipoonekana kamwe, maji hupita bila kizuizi.

Chini zaidi kuna tabaka la C, ambalo ni mwamba uliooza nusu. Katika sehemu kadhaa za uwanda wa Uasin Gishu, kabla ya kufika huko jembe hugonga tabaka la moramu, changarawe nyekundu ile ile inayomwagwa barabarani. Moramu ni chuma kilichoyeyushwa na maji yanayopanda na kushuka ardhini majira baada ya majira, kisha kikaganda. Likiwa karibu na uso wa ardhi, tabaka hilo huzuia mizizi na maji kwa pamoja.

Kwa nini rangi hubadilika

Rangi ya udongo hutokana hasa na mboji na chuma. Pale penye hewa ya kutosha, chuma hushikana na oksijeni na kupata kutu. Kutu hiyo ndiyo wekundu na umanjano unaoonekana katika ardhi za nyanda za juu.

Udongo unapojaa maji, hewa hufukuzwa. Oksijeni husafiri majini polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, kwa hivyo ile iliyosalia humalizwa upesi na mizizi pamoja na bakteria. Baada ya hapo, bakteria hulazimika kutumia chuma kwa kupumua. Chuma hicho hupoteza rangi, huyeyuka na kuhama na maji, nacho kilichobaki nyuma ni udongo wa kijivu. Maji yanapokauka, chuma kilichohama hukutana tena na hewa na kugeuka doa la kutu.

Kwa sababu hiyo, madoa ni kumbukumbu. Hubakia hata katika kilele cha kiangazi wakati ardhi imekauka kabisa. Hueleza maji hufika wapi masika inapokolea, hata kama anayetazama hakuwapo mvua iliponyesha.

Hasara isiyoonekana

Uzito wa jambo hili hudhihirika mvua inapofurika. Milimita 25 tu za mvua zikinyesha katika ekari moja ni zaidi ya lita 100,000 za maji. Wakati wa mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024, zilizosababisha mafuriko katika sehemu nyingi nchini, mashamba mengi yalipokea kiasi hicho mara kadhaa. Katika udongo mwekundu wa kilimani, maji hayo huzama. Katika udongo wa wastani, tabaka la B huyapunguza mwendo, nayo hujaa kutoka chini kuelekea juu.

Mahindi machanga, ambayo kiini chake cha ukuaji bado kiko chini ya ardhi, huweza kuvumilia siku mbili hadi nne tu yakiwa yamezamishwa. Maharagwe huathirika mapema zaidi. Mipunga na nduma huvumilia kwa kuwa mashina yake yana vijia vya kupeleka hewa hadi mizizini.

Hasara ya pili ni ya mbolea. Gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lina kilo tisa za naitrojeni, na baada ya majuma machache sehemu kubwa yake huwa imegeuka naitreti. Katika mbolea ya CAN inayotumiwa kukuzia, nusu ya naitrojeni huwa naitreti tangu mwanzo. Udongo unapokosa hewa, bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ikapaa angani, na ile inayosalia huweza kuoshwa na maji hadi mahali ambapo mizizi haifiki. Ndiyo maana majani hugeuka manjano. Mkulima anayekimbilia kuongeza mbolea wakati ardhi ingali imelowa hutupa fedha zake majini.

Isitoshe, maji yanayopita ardhini kwa miaka mingi huosha madini kama kalisi na kuacha asidi. Mahindi hustawi vyema kipimo cha asidi kikiwa kati ya 5.5 na 7. Kikishuka chini ya hapo, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, nayo fosforasi hunaswa udongoni. Mimea yenye mizizi mifupi kama hiyo ndiyo ya kwanza kunyauka mvua inapokatika.

Jinsi ya kuchunguza shamba

Uchunguzi wa awali hauhitaji fedha nyingi. Jembe, sururu na ndoo ya maji hutosha. Shimo la kina cha mita moja huchimbwa mahali panapowakilisha shamba, si kando ya njia wala penye kichuguu. Ukuta mmoja husafishwa kwa kisu ili rangi zionekane, kisha kina cha kila badiliko hupimwa na kuandikwa. Ni muhimu kuzuia watoto na mifugo wasilikaribie shimo hilo, na kulifukia kazi inapokwisha.

Ili kutambua aina ya udongo, kiasi kidogo cha kila tabaka hulowanishwa na kufinyangwa mkononi. Ukikataa kushikamana, ni kichanga. Ukitengeneza utepe mrefu usiokatika, ni mfinyanzi. Tifutifu huwa kati ya hapo.

Mwendo wa maji nao hupimwa kwa kuchimba kishimo cha sentimita 30, kukijaza maji na kuyaacha yazame, kisha kukijaza mara ya pili. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa katika mara hiyo ya pili, upitishaji ni hafifu na mazao yasiyostahimili maji yatataabika.

Kiasi cha asidi na madini hakionekani kwa macho. Sampuli kutoka sehemu mbalimbali za shamba huchanganywa na kupelekwa katika maabara, kama ile ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliyoko Kabete. Majibu yake ndiyo yanayoonyesha iwapo chokaa ya kilimo inahitajika, na kwa kiasi gani.

Hatua za kuchukua

Udongo wa wastani hauhitaji kuachwa, unahitaji kuheshimiwa. Mahindi na viazi hupandwa juu ya matuta ili mizizi ya mwanzo iwe juu ya maji. Mitaro ya kuyaelekeza maji huchimbwa kwa kufuata kontua, si kuteremka moja kwa moja, kwa maana mtaro wa kuteremka hugeuka korongo. Mbolea ya kukuzia hugawanywa mara mbili badala ya kutiwa yote kwa mkupuo mmoja, na hutiwa ardhi ikiwa na unyevu wa wastani.

Samadi na masalia ya mimea huongeza mboji, ambayo hushikanisha chembe za udongo na kufungua njia za maji na hewa. Trekta nzito, kwa upande wake, haifai kuingizwa shambani udongo ukiwa umelowa. Magurudumu yake, pamoja na plau inayopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka, huunda gamba gumu chini ya tabaka la A. Shamba lililokuwa likipitisha maji kwa wastani huweza kushushwa hadhi kwa njia hiyo.

Anayekusudia kupanda miti ya kudumu anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Parachichi, ambalo wakulima wengi wamelikimbilia katika miaka ya karibuni, halivumilii maji yanayotuama. Maradhi ya kuoza mizizi huliua mti baada ya kuutunza kwa miaka kadhaa. Madoa ya kijivu yakionekana katika kina cha sentimita 60, ni afadhali kupanda juu ya vilima vilivyoinuliwa au kuchagua zao jingine.

Vilevile, wanaonunua au kukodi mashamba aghalabu huyakagua wakati wa kiangazi, ambapo kila ardhi huonekana kavu na nzuri. Hati ya umiliki hueleza ukubwa na mipaka ya shamba, wala haisemi lolote kuhusu kilicho chini ya nyasi. Kuchimba shimo moja kabla ya kulipa huchukua asubuhi moja tu, ilhali kosa la kutochimba hulipwa kila msimu.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo wa juu, ambao unene wake hauzidi urefu wa kiganja au viwili, ulichukua karne nyingi kuumbika na huweza kubebwa na maji katika misimu michache. Ukishaondoka, mkulima hubaki akilima mfinyanzi mgumu au moramu, na hakuna gunia la mbolea linaloweza kuurejesha.