Kikombe Kilichotolewa Mvuani

Wengi wetu tumepita karibu na uwanja wa gofu, tukaona watu wakitembea polepole nyuma ya mpira mdogo mweupe, tukacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka likizo moja nilipopata kazi ya kubeba mifuko ya fimbo za gofu katika klabu ya mji wetu. Mvua iliponyesha wachezaji waliingia ndani ya jumba, nasi wabebaji tulijibanza chini ya mwembe. Hapo ndipo mzee mmoja, aliyekuwa mbebaji tangu utotoni, aliponisimulia habari za mashindano ya Natal. Baadaye nilizichunguza, nikaona ni za kweli.

Natal ni jimbo la Afrika ya Kusini, kando ya Bahari ya Hindi. Tangu mwaka 1994 laitwa KwaZulu-Natal. Natal Open yalikuwa mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa. Katika mchezo huu kila mtu huhesabiwa mapigo yake toka shimo la kwanza mpaka la 18, siku baada ya siku, na mwenye mapigo machache kuliko wote ndiye mshindi. Hesabu hiyo haijui rangi ya mtu. Lakini serikali ya siku zile iliijua sana, nayo ilitunga sheria za kutenga watu kwa rangi zao, hata viwanjani.

Mjini Durban alikuwako Mhindi mmoja, Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa. Alikuwa maskini, hakujua kusoma wala kuandika, na alianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Wachezaji wa mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu ya fimbo na wa kulia chini yake. Papwa alishika kinyume. Mwalimu yeyote angemkataza, lakini mpira ulikwenda alikotaka. Mwaka 1959 tajiri aliyemwajiri alimsaidia kwenda Ulaya, akashinda mashindano makuu ya Uholanzi. Akayashinda tena mwaka 1960 na 1964.

Mwaka 1963 alicheza Natal Open katika uwanja wa Durban Country Club, akawashinda Wazungu wote. Wakati wa kutoa zawadi mvua ilinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jumba. Yeye, kwa kuwa ni Mhindi, hakuruhusiwa kuingia. Basi alipewa kikombe chake nje, mvuani. Picha yake ilienea duniani, ikawapa nguvu waliodai Afrika ya Kusini itengwe katika michezo.

Mwaka 1965 Papwa alishinda tena, na safari hii kati ya walioshindwa alikuwamo Gary Player, bingwa aliyekwisha kutwaa Masters ya Marekani mwaka 1961. Mtu angedhani kwamba sasa mlango utafunguliwa. La, ulikazwa zaidi: serikali ilimzuia kushindana na Wazungu, na riziki yake ikakatika. Alifariki mwaka 1978, akiwa maskini kama alivyoanza.

Leo Durban una uwanja wa gofu wenye jina lake. Ni heshima njema, ila ilimkuta kaburini. Ndugu zangu, kila mara mvua inyeshapo wakati wa michezo yetu, mimi hutazama kwanza ni nani aliyeachwa nje.