Jeraha la pili la kichwa

Mtu akianguka na bodaboda katika kata ya Dutumi, wilayani Kibaha, kichwa kikagonga chini na fahamu zikampotea, safari yake ya matibabu huwa ndefu. Hupita zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, iliyozoea kupokea majeruhi wa barabara ya Morogoro. Akihitaji upasuaji wa ubongo, hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Ndugu huweka matumaini yote kwa daktari bingwa wa huko mwisho wa safari, kumbe mengi huamuliwa njiani.

Pigo la kwanza likishatua, hakuna dawa ya kulifuta. Tatizo ni kwamba ubongo huendelea kuumia kwa saa na siku zinazofuata, na jeraha hili la pili linaweza kuzuiwa.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine havina budi kupisha, wazo lililoanzia kwa Alexander Monro wa Scotland mwaka 1783. Ubongo unapovimba au damu inapovujia ndani, maji hayo ndiyo hutangulia kupisha. Nafasi ikiisha, presha hupanda ghafla.

Kwa kawaida presha ya ndani ya fuvu haizidi milimita 15 za zebaki. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2016 inataka matibabu yaanze inapozidi 22. Damu inayopanda kichwani husukumwa na presha ya mwili na kupingwa na presha ya fuvu; tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoulisha ubongo, nayo kwa majeruhi wa kichwa inatakiwa iwe kati ya 60 na 70. Tuseme kabla ya ajali wastani wa presha ya damu ya mtu ni 90 na ya fuvu ni 10: zinabaki 80, ubongo unapata haki yake. Sasa ameumia kichwa, amevunjika paja na kupoteza damu nyingi, wastani umeshuka hadi 65, huku fuvuni presha imefika 30. Zimebaki 35 tu. Moyo unadunda, lakini ubongo una njaa.

Kwa hiyo kuzuia damu isimwagike, kumpa oksijeni na kumtundikia dripu mapema ni tiba ya ubongo pia.

Wodini, kazi kubwa iko mikononi mwa muuguzi. Huinua kitanda upande wa kichwa kwa nyuzi 30 na kuhakikisha shingo imenyooka, wala haijabanwa, ili damu ya kichwani ipate kushuka. Humulika macho kwa tochi: mboni moja ikipanuka na kugoma kusinyaa, humwita daktari mara moja. Akimpumulisha mgonjwa kwa mfuko wa hewa, hafanyi pupa. Kupumulisha haraka mno huondoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Mishipa husinyaa, presha ya fuvu hushuka, lakini damu inayofika kwenye ubongo nayo hupungua. Zipo pia dawa za kufyonza maji kwenye ubongo uliovimba, kama manitoli na maji ya chumvi kali. Zikishindwa, daktari huweza kutoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi.

Vifaa vya kupima presha ndani ya fuvu ni ghali. Utafiti uliofanywa Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324, na kuchapishwa mwaka 2012, ulilinganisha waliowekewa vifaa hivyo na waliofuatiliwa kwa CT-Scan na uchunguzi wa kitandani. Baada ya miezi sita, matokeo ya makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Hospitali isiyo na kifaa hicho bado ina mengi ya kufanya, mradi mgonjwa achunguzwe tena na tena.

Anayemsindikiza majeruhi kutoka Dutumi naye ana la kufanya. Asimnyweshe chochote, akandamize kidonda kinachovuja damu, na aukumbuke muda wa ajali. Kubwa zaidi, amwambie daktari kama majeruhi aliongea baada ya kuanguka, kisha akaanza kusinzia: huenda damu inakusanyika ndani ya fuvu, na upasuaji wa haraka unaweza kumwokoa.